Kutembea na Kiongozi Kando ya Ukuta wa Hadrian: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaofikiria kujiunga na matembezi haya huuliza mambo yaleyale, na wana haki ya kuuliza. Ni wiki nzima ya kutembea kwa miguu mashambani kaskazini mwa Uingereza, nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa London na viwanja vya mpira tu. Majibu haya ni kwa wanaotoka Kenya, Tanzania, Kongo na majirani zao, na pia kwa ndugu walioko Leicester, Manchester au Muscat ambao wamechoka na likizo za madukani.

Huu Ukuta wa Hadrian ni kitu gani hasa?

Ni ukuta ambao jeshi la Roma lilianza kuujenga mwaka 122 baada ya Kristo, kwa amri ya Kaisari Hadrian, kutoka mto Tyne upande wa mashariki hadi pwani ya Solway upande wa magharibi. Ulikuwa na urefu wa kilomita 117 hivi. Walioujenga ni askari wa lejioni tatu, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Roma, na sehemu ya magharibi ilijengwa kwanza kwa mabonge ya udongo wenye nyasi kabla ya kubadilishwa kuwa mawe. Kila baada ya maili moja ya Kirumi palikuwa na kingome chenye lango, na kati ya kingome kimoja na kingine palikuwa na minara miwili ya ulinzi. Baadaye ziliongezwa ngome kubwa za kukaa mamia ya askari. Tangu 1987 ukuta umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Wengi hudhani ukuta ndio mpaka wa Uingereza na Scotland. Sivyo. Wote uko ndani ya Uingereza, na upande wa mashariki mpaka wa leo uko mbali sana kaskazini yake.

Njia ya miguu inayoufuata ilifunguliwa 2003. Inaanzia Wallsend, karibu na Newcastle, na kuishia kijiji cha Bowness-on-Solway: kilomita 135. Ni mojawapo ya njia za kitaifa, na alama yake ni tunda la mti wa mwaloni, lililochorwa kwenye vibao na nguzo za mageti.

Usije ukitarajia ukuta mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa karne nyingi watu waliyachukua mawe yake wakajengea nyumba, mazizi na makanisa. Nyumba ya watawa ya Lanercost, iliyo karibu na njia, imejengwa kwa mawe hayo. Baada ya uasi wa 1745 ulioanzia Scotland, serikali ilijenga barabara ya kijeshi, na kwa maili nyingi barabara hiyo ikapita juu ya msingi wa ukuta. Magari yanapita hapo hadi leo. Kwa hiyo kuna siku utatembea saa kadhaa bila kuona jiwe la Kirumi, kisha ukipanda kilima unakuta ukuta umesimama mbele yako unateremka na kupanda majabali hadi macho yanapofika.

Ni mbali kiasi gani kwa siku? Mimi si mwanamichezo.

Ratiba ya kawaida ni siku sita au saba za kutembea, kwa wastani wa kilomita 18 hadi 24. Sisi tunapendelea saba, kwa sababu sehemu ya katikati ina mengi ya kuona na haifai kuharakishwa. Ukitembea kutoka Wallsend, siku mbili za mwanzo ni ndefu lakini tambarare: kwanza kando ya mto Tyne chini ya madaraja ya Newcastle hadi Heddon-on-the-Wall, kisha mashambani hadi Chollerford. Ugumu uko baada ya hapo, kati ya Sewingshields na Walltown. Hapo ukuta umejengwa juu ya mgongo wa mwamba mweusi uliokatika ghafla upande wa kaskazini, na njia inashuka na kupanda tena na tena kwa ngazi za mawe. Kilele cha njia nzima, Winshields, kina mita 345 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa haikupungui. Magoti ndiyo yanayolalamika.

Kipimo chetu ni hiki: kama unaweza kutembea kilomita 15 Jumamosi na nyingine 15 Jumapili, ukiwa na viatu vilevile utakavyosafiri navyo, na Jumatatu ukaenda kazini bila kuchechemea, utaiweza. Anza mazoezi miezi miwili kabla. Wazee wa miaka sabini wanaitembea njia hii bila shida, na vijana wanaokimbia siku ya kwanza ndio hupata malengelenge siku ya pili.

Njia ina alama kila mahali. Kiongozi wa nini?

Kweli, kupotea ni vigumu. Ukiwa na ramani nzuri ya njia za miguu na uzoefu kidogo unaweza kwenda peke yako, na wengi hufanya hivyo. Lakini mimi naamini kwa dhati kwamba njia hii, kuliko nyingi, inahitaji mtu wa kukusomea ardhi.

Chukua mfano wa mfereji. Upande wa kaskazini wa ukuta kuna handaki la kuzuia adui. Upande wa kusini kuna mfereji mwingine mpana, wenye matuta kulia na kushoto, uliotenga eneo la jeshi. Mtu asiyeambiwa huviona kama mabonde ya malisho yenye kondoo. Akishaonyeshwa mara moja, anaviona kila mahali hadi mwisho wa safari, hata pale ambapo ukuta wenyewe haupo tena. Hapo ndipo mashamba yanapoanza kusema.

Au chukua ngome ya Chesters, kando ya mto Tyne Kaskazini. Kwa jicho la kawaida ni misingi ya mawe kwenye nyasi. Kiongozi atakupeleka kwenye nyumba ya kuogea ya askari, akuonyeshe vyumba vya joto na baridi, na jinsi sakafu ilivyopashwa moto kutoka chini. Atakueleza pia kuhusu John Clayton, mwanasheria wa Newcastle wa karne ya 19, aliyekuwa akinunua mashamba yenye ukuta kila yalipouzwa ili wakulima wasiendelee kubomoa. Sehemu nzuri kuliko zote za katikati tunazozipita leo, kwa kiasi kikubwa, zimebaki kwa ajili yake.

Kisha kuna Vindolanda, ngome iliyo kusini kidogo ya ukuta, ambayo ni ya zamani kuuliko. Tangu 1973 watafiti wamekuwa wakifukua humo vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, vilivyohifadhiwa na udongo wenye maji usio na hewa. Ni barua, hesabu za stoo, maombi ya likizo. Kimoja ni mwaliko ambao mwanamke aitwaye Claudia Severa, mke wa ofisa, alimwandikia rafiki yake Sulpicia Lepidina yapata mwaka 100, akimwomba afike kwenye siku yake ya kuzaliwa. Mwisho wa barua aliongeza maneno kwa mkono wake mwenyewe. Ukisimama mahali pale ukasimuliwa hayo na mtu anayeyajua, huwezi tena kuwaona watu wa ukuta kama askari wasio na sura.

Zaidi ya historia, kiongozi anajua saa ya kugeuza njia mvua ikizidi, na anajua mkulima gani amehamishia ng'ombe wapi. Kabla ya kulipa popote, uliza kama kiongozi ana cheti cha kuongoza matembezi, mfano vile vinavyotolewa na Mountain Training, na cheti cha huduma ya kwanza. Uliza pia kikundi kina watu wangapi. Wakizidi kumi na wawili, wa nyuma hawasikii kitu.

Kweli tunaruhusiwa kukatiza mashamba ya watu?

Ndiyo, na hili huwashangaza wageni kuliko jambo lingine lolote. Ardhi ni ya mkulima, mifugo ni yake, lakini njia inayokatiza hapo ni ya umma kwa sheria, na hana mamlaka ya kuifunga. Utapita katikati ya zizi, kando ya jiko la mtu, na hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi.

Haki hii haikuja yenyewe. Mwaka 1932 mamia ya wafanyakazi, wengi wao kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na baadhi yao wakafungwa jela. Baada ya vita, sheria ya 1949 ilianzisha hifadhi za taifa na njia ndefu za miguu. Ya kwanza, Pennine Way, ilifunguliwa 1965, na kwenye majabali ya katikati njia yetu na hiyo huenda pamoja kwa kilomita kadhaa.

Haki inakwenda na wajibu. Geti uliloliona limefungwa, lifunge; ulilolikuta wazi, liache wazi, kwa sababu huenda mkulima ameacha mifugo ifuate maji. Kuta za mawe za mashambani zimepangwa bila saruji, kwa hiyo usizipande. Tumia ngazi zilizowekwa. Takataka zote, hata ganda la ndizi, rudi nazo.

Tunaweza kutembea juu ya ukuta wenyewe? Picha zingependeza.

Hapana. Tembea kando yake. Kila mguu unaokanyaga juu unalegeza mawe yaliyokaa pale karibu miaka 1,900. Na chini ya nyasi unazokanyaga kuna mabaki ambayo hayajafukuliwa bado, kwa hiyo wasimamizi wa njia wanaomba jambo ambalo ni kinyume cha mazoea ya matembezi mengine: kwenye nyasi, watu watembee ubavu kwa ubavu badala ya mstari mmoja, ili wasichimbe mtaro. Ndiyo sababu pia hatuendi majira ya baridi. Udongo uliolowa hauponi haraka.

Basi twende mwezi gani? Na mvua?

Mei hadi Septemba. Mei na Juni ndiyo miezi ninayoipenda: wanakondoo wako mashambani, maua meupe yamejaa kwenye vichaka vya miiba, na mchana hauishi. Katikati ya Juni jua linachomoza karibu saa kumi na nusu alfajiri na kutua karibu saa nne kasoro robo usiku. Julai na Agosti shule zimefungwa, kwa hiyo nyumba za wageni hujaa mapema.

Mvua itanyesha. Siyo mvua ya masika inayomwaga na kuisha. Ni manyunyu yanayoweza kuanza asubuhi, yakakatika, yakarudi mara nne kabla ya magharibi. Upepo kwa kawaida unatoka magharibi, kwa hiyo ukitoka Wallsend utautembelea usoni. Kwenye majabali unaweza kuhisi baridi hata Julai, na dakika kumi baadaye, bondeni, ukavua sweta.

Nivae nini?

Buti za kutembelea zinazoshika kifundo cha mguu, zilizovaliwa kwa wiki kadhaa kabla ya safari. Hili ndilo la kwanza, la pili na la tatu. Soksi za sufu au za nailoni, si za pamba, kwa sababu pamba ikilowa haikauki na inachubua. Jinzi ziache nyumbani kwa sababu hiyohiyo. Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, ili uweze kupunguza na kuongeza. Koti la mvua na suruali ya mvua ziwe ndani ya shanta kila siku, hata jua likiwaka. Ongeza kofia, glavu nyembamba, chupa ya maji ya lita moja na nusu, plasta za malengelenge, na fimbo za kutembelea kama magoti yako yana historia. Akina mama wanaopendelea sketi ndefu au baibui wanaweza kutembea nazo kwenye tambarare, lakini kwenye ngazi za mawe zilizolowa ni hatari. Suruali pana chini ya kanzu fupi inafaa zaidi.

Mzigo mkubwa nani anabeba?

Gari. Asubuhi unaacha begi mapokezi, jioni unalikuta nyumba inayofuata. Wewe unabeba shanta ya siku tu. Uliza kikomo cha uzito kabla hujafungasha.

Tutalala wapi na kula nini? Kuna chakula halali?

Malazi ni nyumba za wageni za kifamilia, hoteli ndogo na baa za vijijini zenye vyumba juu. Ni sehemu safi, za kiasi, na wenyeji wake ni wakarimu. Anayetaka chumba peke yake kwa kawaida huongeza fedha.

Kifungua kinywa ni kizito: mayai, maharage, uyoga, nyanya, mkate wa kuchoma, pamoja na nyama ya nguruwe ya aina mbili na soseji nyeusi iliyotengenezwa kwa damu. Asiyekula nguruwe aseme anapoweka nafasi, siyo mezani, na aombe mayai yakaangwe kwenye kikaango tofauti. Uji wa oti na samaki wa kukaushwa kwa moshi hupatikana sehemu nyingi. Newcastle kuna migahawa ya halali ya kutosha. Vijijini hakuna, na huo ndio ukweli. Wanaoshika halali hula samaki, mayai na vyakula visivyo na nyama kwa siku tano za katikati. Wengine hubeba tende, korosho na pilipili yao, na ninawasifu.

Jioni mara nyingi tunakula kwenye baa ya kijiji, kwa kuwa ndiyo jiko pekee lililo wazi. Ni mahali ambapo babu, wajukuu na mbwa wao wanakaa pamoja wakila. Hakuna atakayekushangaa ukiagiza chai au maji. Agiza mapema, maana majiko mengi hufunga saa mbili au saa tatu usiku.

Na sala?

Kibla kutoka huko ni kusini mashariki. Adhuhuri na Alasiri husaliwa njiani. Nyuma ya ukuta upepo hupungua, na kiongozi akijulishwa asubuhi hupanga mapumziko yafuate nyakati. Wengi hutumia ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kuunganisha sala, na Juni hilo linasaidia sana kwa kuwa Isha huchelewa mno na Alfajiri huwahi. Beba mkeka mwembamba usiopitisha maji. Wakristo wanaotaka ibada ya Jumapili watupe taarifa, kwa sababu makanisa ya vijijini hayana ibada kila wiki.

Hatari zipo?

Hakuna simba, lakini kuna ng'ombe. Ng'ombe mwenye ndama akiona mbwa au kundi la watu anaweza kushambulia, na watu hujeruhiwa. Wazungukie kwa mbali, usipite kati ya mama na ndama, usikimbie. Kagua miguu jioni kutafuta kupe, kwa kuwa baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Mwondoe kwa kibano, na ukiona wekundu unaotanuka kwenye ngozi siku za baadaye, nenda kwa daktari.

Kwa dharura piga 999 au 112, omba polisi, kisha waambie unahitaji kikosi cha uokoaji milimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi fedha. Simu isiposhika, puliza filimbi mara sita, ngoja dakika moja, rudia.

Ni kweli Waafrika walikuwepo kwenye ukuta?

Ni kweli, na kuna ushahidi wa mawe. Katika kijiji cha Burgh by Sands, tunachokipita siku ya mwisho, palikuwa na ngome iitwayo Aballava. Maandishi ya karne ya 3 yaliyopatikana karibu na hapo yanataja kikosi cha Wamori, askari wa asili ya Afrika ya kaskazini magharibi. Mwaka 2016 kiliwekwa kibao kijijini kuwakumbuka kama jamii ya kwanza ya Waafrika katika Uingereza inayojulikana kwa maandishi.

Huko South Shields, upande wa pili wa mto kutoka tunapoanzia, limehifadhiwa jiwe la kaburi la kijana aitwaye Victor, Mmori, aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru, na kufariki akiwa na miaka 20. Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alikuja na jeshi mwaka 208, na wakati wake ukuta ulikarabatiwa sana. Alifariki York mwaka 211.

Hao hawakuwa watu wa pwani yetu, na hatutadai hivyo. Lakini ninapowaona wenzetu wakisimama Burgh by Sands wakasoma habari hiyo, wakakaa kimya, kisha wakaanza kuulizana maswali, nafurahi kwamba tumefika huko kwa miguu.

Ule mti maarufu wa Sycamore Gap bado upo?

Haupo. Ulisimama peke yake kwenye bonde dogo kati ya majabali mawili, mahali paitwapo Sycamore Gap, na ulikatwa usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023. Wanaume wawili walihukumiwa kifungo kwa kosa hilo mwaka 2025. Kisiki kilianza kuchipua 2024, na miche 49 iliyopandwa kutokana na mti huo imegawiwa sehemu mbalimbali za nchi. Tunapita hapo. Usikanyage wala usiguse machipukizi.

Visa na usafiri?

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji visa ya mgeni, inayoombwa mtandaoni kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Wenye pasipoti ya Oman huomba kibali cha kielektroniki. Kwenye ombi la visa ambatisha ratiba ya matembezi, uthibitisho wa malazi, taarifa za benki na barua ya mwajiri, na usinunue tiketi ya ndege isiyorudishwa fedha kabla ya jibu.

Kutoka London, treni ya kituo cha King's Cross hufika Newcastle kwa saa tatu hivi. Kutoka hapo unapanda Metro hadi Wallsend, kituo chenye vibao vya Kilatini. Tiketi za treni zikinunuliwa wiki kadhaa mapema huwa nafuu sana.

Siku ya mwisho ikoje?

Ndefu na tambarare, kutoka Carlisle. Baada ya Burgh by Sands njia inapita ukingoni mwa vinamasi vya Solway, mahali ambapo Mfalme Edward wa Kwanza alifariki mwaka 1307 akielekea kupigana na Waskoti. Watu wa pwani watapaelewa haraka: maji ya bamvua yakijaa, barabara ya hapo hufunikwa kabisa. Kiongozi huangalia jedwali la maji kabla ya kupanga saa ya kuondoka, na siku nyingine tunaondoka saa moja asubuhi kwa sababu hiyo tu. Bowness kuna kibanda cha mbao kinachotazama bahari, ambapo njia inaishia. Mabasi ya kurudi Carlisle ni machache, hivyo huwa tumekodi gari mapema. Anayewahi treni ya jioni kwenda London aseme asubuhi, siyo tukishafika.